Mjumbe Asiyemjua Bwana Wake

Mwezi uliopita mama yangu mdogo alinipigia simu saa tatu usiku. "Hebu sikiliza hii meseji," akasema, akanisomea. Ilikuwa ile ile tunayoijua wote: ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku hiyo alikuwa anasubiri mwenye nyumba wake amtumie namba ya kulipia kodi ya miezi sita. Shilingi laki tisa zilikuwa tayari kwenye simu, na alikuwa ameshaanza kubonyeza.

"Sasa mwanangu, ningejuaje kama siyo yeye?"

Swali lake limenikaa kichwani. Aliyetuma meseji ile hakumjua mama mdogo, hakuijua nyumba yake wala kodi yake. Alituma kwa watu wengi, akijua kwamba kati yao hatakosekana mmoja anayesubiri maneno ya namna hiyo. Hakuvunja kufuli yoyote. Aliandika sentensi moja tu, sentensi ikajipenyeza katikati ya mazungumzo yasiyo yake, na ikageuka amri.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ujanja huu huu ndio unaozinyima usingizi taasisi kubwa za dunia hivi sasa. Benki, wizara, hospitali na kampuni za bima zinakimbilia akili mnemba. Zinaipa kazi ya kusoma barua pepe, kufupisha mikataba na kujibu wateja, na nyingine zimeshaanza kuiruhusu ifanye malipo na kubadilisha kumbukumbu. Wakati huo huo wataalamu wa usalama wanaziambia jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza unadhani ni utani: msaidizi huyu hana uwezo wa uhakika wa kutofautisha barua aliyopewa aisome na amri aliyopewa aitii.

Mimi ni msomaji wa vitabu, si mhandisi. Lakini nimegundua kwamba kasoro hii ina historia ndefu kuliko akili mnemba yenyewe, na wasomaji wa tamthilia wataitambua haraka kuliko wanavyodhani. Tuanze na filimbi.

Filimbi ndani ya boksi la nafaka

Katika miaka ya 1950 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilikuwa inaachana taratibu na wahudumu waliokuwa wakiunganisha simu za mbali kwa mikono. Mitambo ilitakiwa ijiunganishe yenyewe. Ili mtambo wa mji mmoja uweze kuuambia wa mji mwingine "laini hii iko wazi" au "niunganishie namba hii", wahandisi walitumia milio. Na milio hiyo waliipitisha kwenye waya ule ule uliobeba sauti za watu. Kibiashara ilikuwa busara. Waya upo, kwa nini ujenge mwingine?

Mlio mkuu ulikuwa wa hezi 2,600. Laini ya mbali ikiwa haitumiki, mlio huo ulikuwa unapita juu yake, na mtambo ukiusikia unajua kwamba laini iko wazi. Wahandisi hawakuona sababu ya kuficha. Maelezo ya mfumo huu yalichapishwa kwenye jarida la kitaalamu la kampuni yenyewe, mwaka 1954 na tena 1960. Nani angekuja kupiga mluzi kwenye simu?

Alikuja mtoto. Joe Engressia alizaliwa kipofu, akiwa na sikio kali la muziki, na alikuwa na umri wa miaka kama saba hivi alipogundua kwamba akipiga mluzi wa namna fulani kwenye simu, simu inakatika. Baadaye vijana wengine, baadhi yao vipofu kama yeye, waligundua kwamba filimbi ya kuchezea iliyowekwa ndani ya maboksi ya nafaka za asubuhi aina ya Cap'n Crunch ilitoa mlio wa hezi 2,600 barabara. John Draper alijifunza kutoka kwao, akaondoka na jina la utani la Captain Crunch.

Mbinu yenyewe ilikuwa rahisi. Unapiga namba ya bure. Unapuliza filimbi. Mtambo wa mbali unasikia mlio, unadhani umekata simu, unaifungua laini na kusubiri amri mpya. Mtambo wa mtaani kwako, ambao ndio unaoandika bili, bado unadhani unaongea na ile namba ya bure. Hapo unatoa milio mingine ya kuelekeza simu, na unaongea na upande wa pili wa dunia bila kulipa senti.

Oktoba 1971 jarida la Esquire lilichapisha makala ndefu ya Ron Rosenbaum kuhusu vijana hao na visanduku vyao vya bluu vya kutengenezea milio. Kijana mmoja aitwaye Steve Wozniak aliisoma, akampigia rafiki yake Steve Jobs, wakatengeneza visanduku vyao na kuviuza. Jobs alikuja kusema kwamba bila visanduku vile kusingekuwa na kampuni ya Apple.

Sasa tazama kampuni ya simu ilifanya nini, maana ndipo somo lilipo. Kwanza ilichagua kupeleleza. Kati ya 1964 na 1970 ilichunguza kwa siri simu zaidi ya milioni 30 ikiwatafuta wapiga filimbi, na habari hiyo ilipofichuka mwaka 1975 ikawa kashfa. Mfumo uliojengwa bila ulinzi ulimlazimisha mwenye mfumo awachungulie watu wote, wenye hatia na wasio na hatia. Dawa ya kweli ilianza kutumika mwaka 1976, kwanza kati ya mitambo ya Madison na Chicago. Ilikuwa ni kutenganisha. Sauti za watu zilibaki kwenye njia yake, na amri za mitambo zikapewa njia yake ya pembeni, ambayo mpigaji simu hawezi kuifikia hata apulize filimbi mpaka mashavu yapasuke.

Fikiria maana yake. Tatizo lilikuwa kwamba mwenye uwezo wa kusema alikuwa pia na uwezo wa kuamuru. Kuwakamata watu hakukulimaliza, wala kutafuta mlio mgumu zaidi. Kilichosaidia ni kujenga njia ya pili, na kuisambaza nchi nzima kulichukua miaka mingi na gharama kubwa.

Chumba kimoja, wapangaji wawili

Wakati mitambo ya simu inarekebishwa, kompyuta zilikuwa na kasoro hiyo hiyo ndani ya mifupa yake. Mwaka 1945 mwanahisabati John von Neumann aliandika ripoti iliyoeleza kompyuta ambayo maelekezo ya kazi na taarifa zinazofanyiwa kazi vyote vinakaa kwenye kumbukumbu moja. Lilikuwa wazo la ajabu, na karibu kila kompyuta unayoijua imejengwa kwa mtindo huo. Lakini liliwaweka wapangaji wawili chumba kimoja: amri na taarifa. Ukuta kati yao ni makubaliano tu.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988 makubaliano hayo yalivunjwa mbele ya dunia. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti programu ya aina inayoitwa mnyoo, inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Moja ya njia zake ilikuwa huduma ndogo iliyokuwa ikijibu swali "nani yuko kwenye kompyuta hii?" Huduma hiyo ilitenga nafasi ya herufi 512 kwa ajili ya swali, na haikuhesabu kama swali limezidi hapo. Mnyoo ulituma swali refu zaidi. Ziada ikamwagika nje ya nafasi yake, ikaangukia mahali kompyuta inapotazama ili ijue la kufanya baadaye. Kilichoingia kama swali kikatekelezwa kama amri.

Makadirio ya wakati ule yalitaja kompyuta zipatazo 6,000, kwenye intaneti iliyokuwa na kama 60,000 hivi. Morris alihukumiwa mwaka 1990: miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Ndani ya mwezi ule ule wa mnyoo, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilianzishiwa kituo cha kuratibu dharura za kompyuta. Yaani zimamoto iliundwa baada ya nyumba kuungua, kama kawaida yetu binadamu.

Miaka kumi baadaye hadithi ikajirudia kwa vazi jipya. Tovuti zilikuwa zimeanza kuunganishwa na kanzidata: unaandika jina lako kwenye fomu, tovuti inalichukua, inalipachika katikati ya sentensi ya amri na kuituma kwenye kanzidata. Desemba 1998 Jeff Forristal, akitumia jina la bandia, alieleza katika jarida la wadukuzi liitwalo Phrack kwamba kwenye nafasi ya jina mtu anaweza kuandika kipande cha amri, na kanzidata itakitii. Aliandika pia kwamba Microsoft walipoambiwa walijibu kuwa hilo si tatizo.

Lilikuwa tatizo. Na dawa ilipatikana, ile ile ya mwaka 1976: unaipelekea kanzidata amri kwanza, ikiwa kamili, halafu unaipelekea jina la mtu kwa njia yake, na kanzidata inajua kwamba hiki ni jina tu, hata kama limeandikwa kwa lugha ya amri. Watunzi wa programu wanafundishwa hivyo darasani. Pamoja na hayo, Oktoba 2015 kampuni ya mawasiliano ya Uingereza, TalkTalk, iliibiwa taarifa za wateja takriban 157,000 kwa mbinu hiyo hiyo ya 1998, kupitia kurasa za zamani ilizozirithi pamoja na kampuni nyingine iliyoinunua. Ilitozwa faini ya pauni 400,000. Dawa ilikuwepo, lakini hakuna aliyekuwa amekwenda kuchungulia kwenye stoo ya urithi.

Barua kwenye dirisha la Brutus

Naomba tuache mitambo kidogo twende kwenye jukwaa. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, toleo la kwanza mwaka 1963 na lililorekebishwa 1969, alituachia kwa Kiswahili kisa ambacho naona ndiyo maelezo bora kabisa ya hatari ninayoizungumzia.

Cassius anataka Brutus aingie kwenye njama ya kumuua Kaizari. Hoja za ana kwa ana hazijamtosheleza. Basi anatengeneza barua kwa miandiko tofauti tofauti, kana kwamba zimetoka kwa raia mbalimbali, na kuagiza zitupwe dirishani kwa Brutus, ziwekwe kwenye kiti chake, zibandikwe kwenye sanamu. Kijana wa Brutus anaikuta moja akitafuta kiberiti cha kuwashia taa, anampelekea bwana wake. Brutus anaisoma. Barua haijakamilika, ina mapengo, na Brutus anayajaza mwenyewe. Akimaliza anaamini kwamba Roma imesema naye, na kwamba wajibu wake ni kutii.

Brutus si mjinga. Ndiye mtu mwadilifu kuliko wote kwenye mchezo ule, na uadilifu wake ndio mlango ulioingiliwa. Anataka kutumikia Roma, kwa hiyo yeyote anayeweza kuigiza sauti ya Roma anaweza kumtumikisha. Mama mdogo naye alikuwa mwadilifu: alitaka kulipa kodi kwa wakati. Meseji ilikuwa na pengo, akalijaza mwenyewe kwa jina la mwenye nyumba.

Tamthilia ile ile ina barua ya pili, ya Artemidorus. Hiyo ni ya kweli, inataja wala njama mmoja mmoja, na anamsihi Kaizari aisome. Kaizari hataki kuisoma. Anasema mambo yanayomhusu yeye mwenyewe yatangoja mwisho. Dakika chache baadaye amekufa. Barua ya uongo imesomwa ikatiiwa, barua ya kweli imewekwa pembeni. Sijui andiko lingine linaloonyesha kwa ufupi namna hiyo ugumu wa kuamua sauti ipi uisikilize.

Msaidizi anayesoma kila kitu

Sasa turudi kwenye ofisi za leo. Ili akili mnemba ifanye kazi kwenye kampuni, mtu huiandikia maelekezo ya mwanzo: wewe ni msaidizi wa kampuni hii, jibu kwa adabu, usitoe siri za wateja. Baada ya hapo huwekewa swali la mfanyakazi, na pengine barua pepe, mkataba au ukurasa wa tovuti aliotaka ufupishwe. Kwetu sisi hayo ni mambo matatu tofauti. Kwake ni mfululizo mmoja wa maneno. Amefundishwa kuyapa uzito zaidi maneno ya bwana wake, ni kweli, na kila mwaka anafundishwa vizuri zaidi. Lakini hayo ni mazoea, na mazoea si ukuta.

Septemba 2022, miezi miwili na kitu kabla ya ChatGPT kutoka, Riley Goodside alionyesha hadharani kwamba ukiiambia modeli ya lugha ipuuze maelekezo ya juu, inaweza kuyapuuza kweli. Siku hizo hizo mtunzi wa programu Simon Willison aliipa kasoro hiyo jina, akiifananisha waziwazi na ile ya kanzidata ya 1998. Februari 2023 kundi la watafiti, Kai Greshake na wenzake, walionyesha jambo baya zaidi: anayetoa amri hahitaji hata kuongea na msaidizi. Anaweza kuificha amri kwenye ukurasa wa tovuti au kwenye barua, akakaa kusubiri msaidizi wa mtu mwingine apite aisome. Hapo ndipo Cassius alipoingia kwenye kompyuta.

Juni 2025 watafiti wa kampuni ya Aim Security walitangaza kisa walichokiita EchoLeak, kilichomhusu msaidizi wa Microsoft anayesoma barua na nyaraka za ofisi. Mshambuliaji anatuma barua pepe ya kawaida yenye maelekezo yaliyofichwa. Mfanyakazi habonyezi kiungo chochote. Siku nyingine anamuuliza msaidizi swali la kazi, msaidizi anapekua sanduku la barua kutafuta jibu, anakutana na ile barua, na maelekezo yake yanamfanya atoe nje siri za kampuni. Microsoft ilirekebisha kasoro hiyo na kusema hakuna mteja aliyeathirika. Lakini namna ya shambulio inabaki kuwa fundisho: barua ilitupwa dirishani, na kijana mtiifu wa nyumbani ndiye aliyeibeba hadi ndani.

Kwa nini wasitenganishe njia kama walivyofanya Madison na Chicago? Kwa sababu kazi yenyewe ya msaidizi huyu ni kusoma maneno ya watu na kuyaelewa. Faida yake na hatari yake vinapita mlango mmoja. Desemba 2025 Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza kilionya kwamba kasoro hii haifanani kabisa na ile ya kanzidata, na kwamba huenda isipate kamwe dawa kamili kama ile. Wanaosubiri toleo jipya lije kumaliza tatizo hawana historia upande wao.

Usimpe ufunguo wa ghala

Basi tufanyeje, tuache? Hapana. Kampuni ya simu haikuacha kuunganisha simu, na mama mdogo hakuacha kutumia pesa za simu, ambazo zimemrahisishia maisha kweli kweli. Swali la maana ni jingine: ukiwa na mjumbe hodari, mwepesi, msomi, lakini anayeweza kumtii yeyote anayemwandikia, utampa kazi gani na utamnyima funguo zipi?

Jibu liliandikwa mwaka 1975. Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa MIT walieleza kanuni kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu anazozihitaji kwa kazi iliyo mbele yake. Mwaka 1988, mwaka ule ule wa mnyoo, Norm Hardy akaandika kisa kidogo kinachoonyesha kanuni hiyo ikisahauliwa. Kwenye kampuni ya Tymshare kulikuwa na programu ya kutafsiri msimbo iliyopewa ruhusa ya kuandika kwenye jalada la kampuni, ili iweke takwimu zake. Mtumiaji mmoja akaiambia: matokeo yangu yaandike kwenye faili hili, akataja jina la faili la bili. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuligusa faili hilo. Programu ilikuwa nayo. Ikaandika, na taarifa za bili zikapotea. Hardy aliiita programu hiyo naibu aliyechanganyikiwa: ana mamlaka ya bwana mmoja, anatumwa na mwingine, na hajui anatumia mamlaka ya nani kwa kazi ya nani. Ukibadilisha tarehe tu, hiyo ni habari ya ofisi ya leo.

Willison, yule aliyeipa kasoro jina, alitoa mwaka 2025 kipimo ambacho hata mkurugenzi asiyejua kompyuta anaweza kukitumia. Uliza mambo matatu. Je, msaidizi huyu anaona siri zetu? Anasoma maandishi yanayotoka kwa watu wa nje? Anaweza kupeleka kitu nje? Mawili kati ya hayo unaweza kuyasimamia. Yakikutana yote matatu, umemweka Brutus chumba kimoja na barua za Cassius na jambia.

Wapo watakaosema: mwisho wa yote kuna mtu anayeidhinisha. Ni kinga nzuri, lakini tuikumbuke ile meseji. Mifumo yetu ya pesa za simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Matapeli walifanya nini? Wakaongeza maneno matatu: jina litakuja fulani. Kinga iliyowekwa kukushtua ikageuzwa kuwa uthibitisho. Afisa anayeletewa na msaidizi maombi mia kwa siku, kila moja na maelezo mafupi ya kwa nini ni salama, maelezo yaliyoandikwa na msaidizi huyo huyo, atabonyeza "ndiyo" kama wewe unavyokubali masharti ya programu bila kuyasoma. Idhini ina maana pale tu anayeidhinisha anapokuwa na njia yake ya kujua.

Na hatari haiji kutoka nje peke yake. Mwaka 2023 Samsung iligundua wafanyakazi wake walikuwa wamebandika msimbo wa siri wa kampuni kwenye ChatGPT ili wasaidiwe kazi, na Mei mwaka huo ikapiga marufuku zana hizo kwenye vifaa vyake. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu wenye kazi nyingi waliopata chombo kizuri kabla kampuni haijawaambia kitumike vipi. Taasisi isiyotoa utaratibu mapema itaupata utaratibu ambao wafanyakazi wamejitungia wenyewe, kimya kimya.

Mambo yakiharibika, mjumbe hauawi, ndivyo wahenga walivyotufundisha. Naona methali hii sasa ina makali mapya. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua shauri la abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba na msaidizi wa kwenye tovuti ya Air Canada. Shirika lilijitetea, pamoja na mengine, kana kwamba msaidizi huyo ni kiumbe kinachojitegemea, kinachowajibika kwa maneno yake. Baraza likakataa, na shirika likalipa zaidi kidogo ya dola 800 za Kanada. Fedha ni ndogo. Msingi ni mkubwa: mjumbe hauawi, na wala huwezi kumtupia mzigo. Aliyemtuma ndiye anayejibu. Kwetu pia tunazo sheria za kulinda taarifa za watu, Kenya tangu 2019 na Tanzania ile ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Siku taarifa za wagonjwa wa hospitali fulani zitakapovuja kupitia msaidizi, mgonjwa hatamuuliza msaidizi. Ataiuliza hospitali.

Ninachokiona katika historia hii yote ni kwamba kasoro haikuwahi kuwa siri. Milio ilichapishwa jaridani. Mtindo wa von Neumann ulisomwa vyuoni. Makala ya 1998 ilisomwa na yeyote aliyetaka. Kila mara ilikuwa barua ya Artemidorus, ya kweli, mbele ya mkubwa, na mkubwa ana haraka ya kwenda barazani. Leo barua hiyo imeshaandikwa tena, na imesainiwa na wanaozijua mashine hizi vizuri kuliko mimi na wewe.

Nimalizie pale nilipoanza. Nilimuuliza mama mdogo ni nini kilimzuia kubonyeza ile namba ya siri ya mwisho. Alisema hakushuku kitu. Ila marehemu baba yake alikuwa na desturi: mtu akimletea ujumbe wa kutoa mbuzi au fedha, alimpa mjumbe chai, kisha akatuma mtoto wake mwenyewe kwenda kuuliza kwa aliyemtuma. Kwa hiyo, kabla hajatuma laki tisa, aliipiga ile namba ya mwenye nyumba aliyokuwa nayo tangu alipohamia. Mwenye nyumba akapokea akiwa mezani anakula, akasema hajatuma meseji yoyote.

Hapo ndipo akanipigia mimi, kunisomea. Alichofanya ndicho walichofanya wahandisi kati ya Madison na Chicago mwaka 1976: amri ilikuja kwa njia moja, yeye akaithibitisha kwa nyingine. Kodi alikwenda kuilipa kesho yake asubuhi, mkononi, akapewa risiti.